Siku Mbaya Ndiyo Kipimo cha Kazi

Maswali na majibu kuhusu ubora wa ajira, mikataba na mitindo mipya ya kufanya kazi

Kila Mei Mosi tunasomewa hesabu ya ajira zilizopatikana. Hesabu hiyo ina umuhimu wake, lakini haimwambii mtu wa Mbagala au Unga Limited kama kazi aliyoipata itamfaa. Maswali yaliyotufikia safari hii yanakwenda ndani zaidi: mkataba wa miezi mitatu una maana gani, dereva anayeitwa kwa simu ni mfanyakazi wa nani, nikiumia nani analipa. Nimesoma na kufundisha tafiti za soko la ajira kwa miaka mingi, na kipimo ninachokiamini kuliko vingine ni hiki: tazama kazi inavyokutendea siku mambo yanapoharibika. Majibu yote hapa chini yanarudi kwenye kipimo hicho.

Wenzangu wanasema kazi nzuri ni ile yenye mshahara mkubwa, basi. Kuna kipimo kingine? (Karani wa duka, Kariakoo)

Mshahara ni wa kwanza, na anayekwambia haujalishi hajawahi kudaiwa kodi ya nyumba. Ila hautoshi peke yake. Mwaka 1999 Shirika la Kazi Duniani, ILO, chini ya Juan Somavia, lilianza kuhimiza kazi yenye staha: ajira yenyewe, haki kazini, hifadhi ya jamii, na mazungumzo kati ya wafanyakazi na waajiri. Baadaye OECD, shirika la nchi tajiri, lilipanga ubora wa kazi katika mambo matatu: kipato, usalama wa kipato hicho, na mazingira ya kazi.

Mimi huwauliza watu kuhusu siku tano: siku ya kuugua, siku ya ajali, siku ya kujifungua, siku biashara inaposhuka, na siku ya kukosana na bosi. Katika kila moja, hasara inamwangukia nani?

Chukua makarani wawili. Wa kwanza analipwa 600,000 kwa mwezi bila maandishi yoyote. Wa pili analipwa 450,000, ana mkataba na anachangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Kwa mwaka, yule wa kwanza anamzidi mwenzake 1,800,000. Sasa ongeza mchango wa mwajiri wa yule wa pili, asilimia 10 ya mshahara, ambao ni 540,000 kwa mwaka. Kisha kumbuka kwamba sheria inampa siku 28 za likizo yenye malipo, wakati wa kwanza akipumzika siku hizo anapoteza kama 560,000. Pengo limebaki 700,000. Wa kwanza akiugua wiki sita bila malipo, anapoteza kama 840,000 nyingine, na ameshaachwa nyuma. Wa pili angeugua wiki hizo hizo angelipwa, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miaka mitatu: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu.

Kwa hiyo ukiitiwa kazi, usiulize tu mshahara ni shilingi ngapi. Uliza na siku nikilala kitandani itakuwaje.

Ripoti zinasema wasio na ajira ni wachache, lakini vijiwe vya mtaani kwetu vimejaa vijana. Tumwamini nani? (Kiongozi wa mtaa, Morogoro)

Mwamini kila mmoja kwa kile alichokipima, mzee wangu. Mdadisi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu anapobisha hodi kwa mama lishe, anauliza kuhusu siku saba zilizopita. Kwa kanuni ya kimataifa, mtu aliyefanya kazi walau saa moja ndani ya siku hizo, kwa malipo au kwa faida, anahesabiwa kuwa ana ajira. Kijana aliyeshusha mifuko ya saruji Jumanne asubuhi kisha akakaa kijiweni hadi Jumapili yumo katika safu moja na mhasibu wa benki. Tanzania inalijua tatizo hili, ndiyo maana ina tafsiri yake ya kitaifa iliyo pana zaidi, inayowatazama pia watu wenye vibarua visivyo na uhakika.

Katika nchi ambako wengi hawana posho ya kukaa bila kazi, maskini hawezi kukaa bila kufanya chochote. Atachoma mahindi, atabeba mizigo, atapiga debe stendi. Kwa sababu hiyo kiwango cha ukosefu wa ajira kinaweza kuwa kidogo huku shida ikiwa kubwa. Mwaka 1972 ujumbe wa ILO uliokwenda Kenya ulieleza jambo hilo hilo: tatizo kubwa lilikuwa watu wanaofanya kazi kwa saa nyingi na bado ni maskini. Ripoti yao ndiyo iliyolieneza duniani neno sekta isiyo rasmi.

Hali haijabadilika sana. Mwaka 2018 ILO ilikadiria kwamba karibu asilimia 86 ya ajira barani Afrika si rasmi, ikilinganishwa na asilimia 61 duniani. Kenya iliripoti kwa mwaka 2024 ajira mpya 782,300 nje ya kilimo kidogo, na 703,700 kati ya hizo zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Hiyo ni kazi tisa katika kila kumi.

Kwa hiyo usiishie ukurasa wa kwanza wa ripoti. Utafiti wa Watu Wenye Uwezo wa Kufanya Kazi unauliza pia kuhusu saa za kazi, aina ya mkataba na hifadhi ya jamii. Majedwali hayo ya ndani ndiyo yanayosema habari za kijiwe chako.

Nimeitwa kiwandani, lakini mjomba yuko tayari kunipa mtaji wa kuuza viatu. Niende wapi? (Kijana wa miaka 22, Dar es Salaam)

Swali lako lilishafanyiwa utafiti, na nchi si ya mbali. Watafiti Christopher Blattman na Stefan Dercon walikwenda Ethiopia, wakapata viwanda vitano na waombaji wa kazi karibu 1,000. Kwa kupiga kura, baadhi walipewa kazi kiwandani, wengine wakapewa mafunzo ya biashara na mtaji wa kama dola 300, na wengine hawakupewa chochote ili wawe wa kulinganishwa nao.

Baada ya mwaka mmoja, waliopewa mtaji walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 33. Waliopewa kazi kiwandani hawakuwa na kipato kikubwa kuliko wale ambao hawakupewa kitu, na walikuwa na matatizo zaidi ya kiafya kutokana na kazi yenyewe. Wengi waliacha ndani ya miezi ya mwanzo. Lakini watafiti walirudi baada ya miaka mitano, na tofauti kati ya makundi ilikuwa karibu imefutika. Mtaji mmoja wa mwanzo haukuwa umemjengea mtu njia ya kudumu.

Mdogo wangu, funzo ninalolipata mimi ni kwamba jina la kazi halitoshi kuamua. Kiwanda chenye hewa safi, vifaa vya kujikinga, mkataba na mafunzo ya mashine kinaweza kukupeleka mbali. Kiwanda cha vumbi na ujira wa siku kinakula mapafu yako. Na biashara ya viatu bila akiba ya siku mbaya itakatika siku mama atakapolazwa. Nenda getini mwa kiwanda saa ya kutoka kazini, uzungumze na wanaotoka. Waulize wamekaa muda gani. Ukiona karibu wote wana chini ya mwaka, umeshapata jibu.

Nina miaka mitatu kiwandani kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kila ukiisha nasaini mwingine. Hii ni sawa? (Mfungashaji, Mwanza)

Kwa muda mrefu sheria yetu iliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya menejimenti tu. Marekebisho ya mwaka 2025 yamepanua mlango: sasa unaruhusiwa pia kwa wengine katika mazingira yaliyotajwa, kama ongezeko la muda la kazi lisilotarajiwa kuzidi miezi 12, kazi za msimu, mradi wenye mwisho unaojulikana, au mhitimu anayejifunza kazi. Kufungasha bidhaa ileile, kwenye mstari uleule, mwaka wa tatu sasa, ni vigumu kusema ni ongezeko la muda.

Kuna kifungu kingine ambacho wafanyakazi wengi hawakijui. Mkataba wa muda maalumu usipohuishwa, wakati mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kwamba utahuishwa, kitendo hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Na kinachojenga matarajio hayo ni mwenendo: umesainishwa mara ngapi, msimamizi aliahidi nini, wenzako wamefanyiwaje.

Sasa, mali bila daftari hupotea bila habari. Weka nakala ya kila mkataba uliosaini. Kama hupewi nakala, piga picha kwa simu kabla hujarudisha karatasi. Tunza hati za mshahara na ujumbe wa kuitwa zamu. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yako, tarehe ya kuanza, muda, saa na malipo, isipokuwa unamfanyia kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Akishindwa kuyatoa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, au mahakama, mzigo wa kuthibitisha masharti mnayobishania unakuwa wake. Kukosa mkataba wa maandishi hakukunyimi haki, kinyume na wengi wanavyoambiwa.

Naendesha bodaboda ya mtu, na jioni naingia kwenye programu ya abiria. Mimi ni mfanyakazi au mfanyabiashara? (Dereva, Kinondoni)

Hapa ndipo soko la ajira la leo linapochemka, ndugu yangu, tuchukue muda.

Tuanze na pikipiki. Ukiendesha kwa hesabu, unampelekea mwenye chombo kiasi kilekile kila jioni, na chombo kinabaki chake. Ukiendesha kwa mkataba, unalipa kila siku hadi deni liishe na pikipiki iwe yako. Katika mipango yote miwili, mara nyingi hesabu hailali. Mvua ikinyesha toka asubuhi, hesabu ipo. Tairi likipasuka, hesabu ipo. Ukiwa na homa, hesabu ipo, au inaongezwa kwenye deni. Mwenye chombo amejitoa katika siku mbaya zote, akazikusanya juu ya mabega yako. Anayeendesha kwa mkataba walau anakusanya mali, na hiyo ni tofauti kubwa, ila naye anaweza kunyang'anywa chombo deni likiwa limebakiza siku chache.

Programu ya simu nayo inakuita mshirika, lakini inapanga nauli, inakata kamisheni, inapokea nyota za abiria, na inaweza kukufungia akaunti usiku mmoja. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri ardhini, LATRA, iliweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15. Uber ikasitisha huduma zake nchini Aprili mwaka huo, na baadaye ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25. Kenya mwaka huohuo iliweka asilimia 18. Mvutano huo wote ulihusu mgawanyo wa nauli. Ajali na ugonjwa havikuguswa.

Sheria inasemaje kuhusu nani ni mfanyakazi? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina orodha ya dalili saba: namna unavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zako zinaongozwa naye, wewe ni sehemu ya taasisi yake, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, unamtegemea kiuchumi, anakupa vifaa, unamfanyia yeye peke yake. Ikiwepo walau moja, unachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jipime humo. Hoja ya namna hiyo ndiyo iliyofikishwa Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo Februari 2021 iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri walikuwa wafanyakazi, si wafanyabiashara huru. Katika takwimu pia, mwaka 2018 wanatakwimu wa kazi duniani walikubaliana kuwa na kundi la watu wanaoitwa huru huku riziki yao ikiongozwa na mwingine. Na Juni 2025 mkutano mkuu wa ILO uliamua kutunga mkataba wa kimataifa kuhusu kazi za majukwaa ya kidijitali.

Wakati hayo yakiendelea, fanya mambo yaliyo mikononi mwako. Makubaliano ya pikipiki yaandikwe, yakiwa na sharti la siku za matengenezo na siku za ugonjwa zisizo na hesabu. Kila malipo yapite kwenye simu ili ubaki na rekodi. Jiunge na NSSF kwa hiari yako, maana wanaojiajiri wanapokewa. Na kikundi chenu cha kijiwe kiwe na mfuko wa ajali wenye daftari, usiwe wa kuchangishana baada ya mwenzenu kuvunjika mguu.

Nimetuma maombi hadi nimechoka. Je, ni kweli bila kujuana hupati kazi? (Mhitimu wa chuo kikuu, Dodoma)

Kwanza tukubali ukubwa wa foleni. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi 135,000. Ni watu kama 85 kwa kila kiti. Katika foleni hiyo kukosa hakuthibitishi kwamba huna uwezo, na ningependa wazazi walielewe hilo kabla ya kumsema mtoto.

Kuhusu kujuana, kuna rushwa na upendeleo, ambavyo ni dhuluma, na kuna habari kupita mdomoni. Hiki cha pili kina nguvu kila mahali. Mtafiti wa Marekani Mark Granovetter aliwauliza wanaume wa mji wa Newton, Massachusetts, walivyopata kazi. Zaidi ya nusu walipata kupitia mtu wanayemfahamu. Walipoulizwa walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi kabla ya kupewa habari, ni asilimia 17 tu waliosema mara kwa mara. Rafiki wa kila siku anajua nafasi zilezile unazozijua wewe. Aliyesoma nawe kidato cha nne akahamia Mbeya, au uliyefanya naye mafunzo kwa vitendo, anasikia mambo mengine. Mtafute, umweleze wazi unatafuta nini.

Jambo la pili limepimwa Addis Ababa. Vijana walisaidiwa kuandika wasifu, kujiandaa kwa usaili, na kufanya mitihani ya uwezo wakapewa vyeti vyake. Miaka minne baadaye kipato chao kilikuwa juu kwa takriban asilimia 20 kuliko wenzao. Kundi jingine lililopewa nauli ya kwenda mjini kutafuta kazi lilifaidika mwanzoni, kisha faida ikaisha. Kitu kinachomwonyesha mwajiri unachoweza kufanya kinadumu. Barua moja iliyotumwa kwa ofisi mia haikuonyeshi.

Mimi ni fundi aluminiamu, nilijifunzia gereji na viwandani. Kuna maana ya kutafuta cheti? (Fundi, Arusha)

Ipo, fundi. Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha vijana waliopelekwa vyuo vya ufundi na waliofunzwa ndani ya karakana. Wote walipata nafuu. Waliofunzwa karakana walianza mapema kupata kipato, lakini waliosoma chuo walikuja kuwapita na kuendelea kupanda, kwa sababu cheti chao kilisomeka kwa mwajiri yeyote. Wa karakana, akiondoka kwa bosi aliyemfunza, alikuwa kama anaanza upya.

Habari njema ni kwamba si lazima urudi darasani. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: wanakupima, wanakuonyesha mapengo, wanakufunza hayo, kisha wanakupa cheti. Ujuzi unaoweza kuhama nawe ni ulinzi siku bosi anapokukasirikia.

Nafanya kazi za mtandaoni za kupanga picha na kuandika maneno ya sauti. Nalipwa kwa dola. Nimekwepa matatizo ya ajira za huku? (Kijana, Nairobi)

Umekwepa baadhi, hongera. Hakuna foleni ya matatu, na mlango haukuulizi unatoka kaunti gani. Ila piga hesabu yako upya. Kwa wiki moja andika saa zote: za kufanya kazi, za kusubiri kazi itokee, za mitihani ya majaribio isiyolipwa, na za kazi zilizokataliwa. Toa gharama ya bando na umeme. Gawa kilichobaki kwa saa zote hizo. Namba utakayoipata ndiyo ujira wako halisi.

Swali la pili ni la siku mbaya: akaunti ikifungwa, unamshtaki nani, wapi? Kenya imekuwa ya mbele hapa. Wafanyakazi waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook kupitia kampuni ya kati jijini Nairobi walikwenda mahakamani baada ya kupoteza kazi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Uamuzi huo haukumaliza madai yenyewe, lakini ulizuia hoja kwamba mwenye kazi akiwa ng'ambo hagusiki. Tunza mikataba, barua pepe na rekodi za malipo nje ya akaunti ya kazi, ili ikifungwa usibaki mikono mitupu.

Nina saluni na wasaidizi sita. Nawapenda, lakini nikifuata kila sheria nitafunga. Nifanyeje? (Mama mfanyabiashara, Tanga)

Ahsante kwa kuuliza kwa uwazi, mama. Sheria haikupi ruhusa ya kuchagua, lakini kuna pa kuanzia leo. Maandishi ya ajira hayana gharama zaidi ya karatasi: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani, yanalipwa lini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unadai asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa msaidizi wa shilingi 300,000 ni 1,500 kwa mwezi. Siku dawa ya nywele ikimuunguza macho, mfuko ndio utakaobeba matibabu, na biashara yako haitaanguka naye. NSSF ni nzito zaidi, ipangie bajeti mapema, maana malimbikizo ndiyo yanayofunga biashara.

Kisha kuna jambo lisilodai fedha kabisa: ratiba. Watafiti wa Marekani walifanya jaribio katika maduka 28 ya nguo ya Gap huko San Francisco na Chicago, wakawapa wauzaji zamu zinazotabirika zaidi. Mauzo yalipanda kwa kiasi cha asilimia 7. Mtu anayejua Jumapili kwamba Alhamisi atakuwa zamu hupanga mtoto atabaki na nani, na anakuja akiwa na utulivu. Bandika ratiba ya wiki ukutani na uiheshimu.

Nikiumia au nikifukuzwa, nianzie wapi? (Swali lililoulizwa na wengi)

Kumbukeni muda, kwa sababu haki nyingi hupotea kwa kuchelewa.

Ukiumia kazini, mweleze mwajiri mara moja mbele ya shahidi, uhakikishe hospitali imeandika kwamba umeumia kazini. Madai ya WCF yawasilishwe ndani ya miezi 12. Aliyepata ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24.

Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa, ina siku 60. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Aliyemaliza mwaka anastahili kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka, hadi miaka kumi, isipokuwa katika hali chache kama kuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Lakini jueni pia kwamba aliye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya kifungu cha kuachishwa isivyo halali.

Mwanachama wa NSSF aliyechangia miezi 18 au zaidi, akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe, anaweza kudai fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Ni kidogo, lakini linalipa unga wakati unatafuta. Na chunguza michango yako kila baada ya miezi michache kupitia simu. Wapo wanaokatwa kila mwezi na kugundua siku ya kufukuzwa kwamba fedha hazikufika.

Ukipewa nafasi ya kuwauliza viongozi swali moja kuhusu ajira, utauliza nini? (Mwalimu, Zanzibar)

Nitauliza, mwalimu, kila inapotangazwa kwamba mradi umeleta ajira elfu moja: ngapi zina mkataba wa maandishi, za muda gani, ngapi zinachangiwa NSSF na WCF, na baada ya mwaka wangapi bado wapo? Takwimu hizo zinaweza kukusanywa. Mwajiri halali anapeleka orodha ya wafanyakazi wake kila mwezi kwenye mifuko. Zikitangazwa pamoja na idadi, mwekezaji anayewalinda watu wake atapata sifa anayostahili, na anayewasainisha miezi mitatu mitatu ataonekana.

Tumezoea kuipongeza kazi siku ya kuipata. Mwananchi anayelipa kodi, mzazi aliyesomesha na kijana anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala wana haki ya kujua kazi hiyo itawafanyia nini siku wakiugua, wakijifungua, wakiumia au wakikataa kuonewa. Ulizeni swali hilo kwenye mikutano ya mtaa, kwenye usaili, na kwa wagombea wanaokuja kuomba kura. Likiulizwa na wengi, litaanza kujibiwa.